Barafu Inapowakimbia Bata wa Bering

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walijua eida mwenye miwani, bata wa baharini aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1847, anataga wapi: Siberia na Alaska. Anakokwenda kipupwe hakuna aliyejua. Jibu lilikuja mwaka 1995. Margaret Petersen na watafiti wenzake wa serikali ya Marekani walikuwa wamewapandikizia ndege kadhaa vifaa vinavyowasiliana na setilaiti. Vingi vilinyamaza kabla baridi haijakolea, lakini ishara ikapatikana kutoka kusini mwa kisiwa cha St. Lawrence, katikati ya Bahari ya Bering, mahali ambapo mtu angetarajia barafu tupu. William Larned, mtafiti na rubani, akaruka kwenda kutazama. Kwenye nyufa za barafu bata walikuwa wamesongamana bega kwa bega, madume wakitambulika kwa ule mduara mweupe wa jicho uliozungushiwa ukingo mweusi. Hesabu zilizofuata zilivuka ndege 300,000, yaani karibu eida wote wa aina hiyo duniani, na makala ya mwaka 1999 ikatangaza kwamba fumbo la miaka 120 limefumbuliwa.

Limefumbuliwa kweli, ila nusu. Kujua walipo si kujua kwa nini wapo hapo, na nusu hiyo ya pili ndiyo inayoleta ubishi. Wapo wanaosema barafu ikipungua bata atafurahi, kwani maji yatakuwa wazi na safari itakuwa fupi. Hoja hiyo inasahau tumbo. Bata hawa huzamia mita 40 hadi 70 kutafuta chaza wadogo waliojifukia topeni, kisha hupanda juu ya barafu kupumzika. Asiyekuwa na barafu ya kupanda hubaki akielea kwenye maji ya baridi kali, akipambana na mawimbi na kuchoma shibe aliyoihangaikia. Tena chaza wenyewe hutegemea mimea midogo inayochipuka barafu inapoyeyuka na kuzama hadi sakafuni. Bahari ikipata joto mapema, sehemu kubwa ya chakula hicho huliwa juu kabla haijafika chini.

Wengine hukumbusha, na wana haki, kwamba kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim bata hawa walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla barafu haijawa gumzo, na kwamba risasi za madini ya timbi zilizoachwa na wawindaji matopeni zilihusika. Lakini risasi za delta haziwagusi wanaotaga Urusi, ambao ndio wengi, ilhali mahali pa kipupwe ni pamoja kwa wote. Marekani ilipatenga kisheria mwaka 2001. Mwaka 2018 barafu ya Bering ikashuka kuliko kipupwe chochote kilichowahi kupimwa kwa setilaiti, na mipaka ya eneo hilo lililotengwa ikabaki palepale.