Mrushaji Aliyejua Kulenga

Leo twajifunza habari za Bwana Clarrie Grimmett, mcheza kriketi aliyepata sifa katika umri ambao wengine huacha mchezo.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Mrushaji na mpigaji hukabiliana katika njia yenye urefu wa yadi 22, yaani mita 20 hivi. Mpigaji ana gongo, na nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji akimtoa mpigaji, husemwa amepata wiketi moja. Warushaji wengine hutegemea mbio na nguvu. Wengine huurusha mpira polepole, lakini huuzungusha kwa kifundo cha mkono, nao ukigusa chini hupinda.

Kazi hii ni ngumu. Kwa nini? Kwa sababu mpira huachiwa wakati kifundo bado chageuka. Ukichelewa kidogo kuuachia, huanguka karibu nawe, na mpigaji hupata nafasi ya kuungoja. Ukiuachia mapema, humfikia bila kugusa chini, naye huupiga apendavyo. Kosa dogo mkononi huwa kosa kubwa mwisho wa njia.

Mambo hayo yalimpata Mwingereza B. J. T. Bosanquet. Karibu na mwaka 1900 alibuni mrusho mpya uliopinda kinyume cha ulivyotazamiwa. Mwaka 1905, mjini Nottingham, alipata wiketi 8 katika zamu moja ya Australia. Lakini alikuwa mtu wa kubahatisha: siku moja hashindiki, siku nyingine mipira yake yaenda ovyo.

Bwana Grimmett hakutaka kubahatisha. Alizaliwa New Zealand mwaka 1891, akahamia Australia mwaka 1914. Kazi yake ilikuwa kuchora maandishi ya mabango. Aliishi Sydney, kisha Melbourne, lakini wateuzi wa timu hawakumjali sana. Je, alikata tamaa? La. Alitengeneza njia ya kriketi nyuma ya nyumba yake, akafanya mazoezi peke yake. Hata mbwa wake alimfundisha kumrudishia mipira! Mwaka 1924 alihamia Adelaide, na huko akapata nafasi.

Mwezi wa Februari 1925 aliitwa kuichezea Australia dhidi ya Uingereza, mjini Sydney. Umri wake ulikuwa miaka 33. Katika mchezo huo wa kwanza alipata wiketi 11. Hata alipocheza mchezo wake wa mwisho wa kimataifa mwaka 1936, akiwa na miaka 44, alikuwa amepata wiketi 216 katika michezo 37. Hakuna mtu kabla yake aliyefikisha 200.

Siri yake ilikuwa nini? Alichagua mahali pa kuangusha mpira, akarudia mrusho ule ule mpaka mkono ukazoea. Nawe ukitaka kujaribu, fanya hivi. Weka kitambaa chini, hatua chache mbele ya vijiti. Anza kwa mbio fupi zisizobadilika. Macho yasitoke kwenye kitambaa, na kichwa kisiinamie upande. Mkono unyooke, kifundo kigeuke, na mwili umalizie kwa kuelekea unakolenga. Kwanza jifunze kuuzungusha vema, kisha ulenge. Usipunguze mzunguko kwa kuogopa kukosa. Hesabu mipira mingapi kati ya kumi imegusa kitambaa, na kesho uhesabu tena.

Msidhani kwamba ufundi huu ni wa watu wa mbali tu. Tarehe 24 Februari 2003, mjini Nairobi, Bwana Collins Obuya wa Kenya alirusha kwa kifundo dhidi ya Sri Lanka katika Kombe la Dunia. Alipata wiketi 5 kwa kutoa mikimbio 24 tu, na Kenya ikashinda. Mwaka huo Kenya ilifika nusu fainali.

Basi, wewe uliyeanza kusoma ukubwani, usiseme umechelewa. Mkono unaojifunza kuandika herufi nao hukosa mstari mwanzoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini ni vigumu kulenga unapozungusha mpira kwa kifundo?
2. Bwana Grimmett alikuwa na umri gani alipoanza kuichezea Australia?
3. Ni jambo gani wewe unalirudia kila siku ili ulijue vema?