Wembe ulivyovuka Mto Rufiji

Nyamwage ni pale njia ya Utete inapoachana na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Msafiri akishuka hapo na kutaka wembe, hahangaiki. Dukani pameninginizwa kadi ya nyembe, jirani na viberiti na pakiti za majani ya chai, na muuzaji atamuuliza neno moja tu: upi? Topaz, Nacet, Super-Max, au ule wa bei ya chini ambao jina lake hakuna anayelikumbuka?

Swali hilo ni geni Rufiji. Kwa muda mrefu mtu hakuchagua wembe. Alikwenda kwa kinyozi, akanyolewa kwa wembe uliokuwapo, uwe mkali au butu.

Chuma chenyewe ni cha kale huku. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua Limbo, kaskazini ya delta, akakuta mabaki ya watu walioyeyusha chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Karibu na Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, alipata shanga za kioo alizozihusisha na himaya ya Rumi, akachapisha habari zake mwaka 1999. Naye baharia wa Kigiriki aliyeandika kitabu kiitwacho Periplus, katika karne ya kwanza, alitaja bidhaa zilizoletwa pwani hii kutoka Muza, bandari ya Yemen: mikuki, mashoka, visu na misharasi. Wembe hakuutaja. Lakini mwenye kisu na jiwe la kunolea hakosi cha kunyolea.

Wembe wa mhunzi ulikuwa kipande bapa cha chuma, kilichofuliwa na kisha kunolewa kwa noo kila kazi ilipotokea. Kilainishi kilikuwa maji. Methali ya “mwenzio akinyolewa, wewe tia maji” haisemi tia sabuni, na aliyewahi kunyolewa kavu anajua kwa nini maji yaliwekewa methali.

Kazi za wembe huo zilikuwa nyingi kuliko ndevu. Rufiji ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na katika mafundisho ya Mtume mambo matano ya fitra ni pamoja na tohara, kupunguza masharubu na kuondoa nywele za siri, tena bila kupitisha siku arobaini. Mtoto mchanga hunyolewa nywele za kuzaliwa nazo. Vijana waliingia jandoni, na ngariba aliwapitia mmoja baada ya mwingine. Mganga naye alichanja chale na kupaka dawa. Wembe mmoja uliweza kupita kwenye miili ya kijiji kizima, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ulikuwa chombo cha kazi, sawa na shoka au jembe la kuazimana.

Mapinduzi yalianzia mbali. Mwaka 1901 mchuuzi mmoja wa Marekani, King Camp Gillette, alianzisha kampuni ya kutengeneza wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Wataalamu walimwambia chuma chembamba namna ile hakiwezi kutiwa makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, kampuni iliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizidi 90,000. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani liliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na waliorudi hai walirudi na mazoea ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Huku kwetu wembe huo wa makali pande mbili ulifuata njia ya chumvi, kanga na mafuta ya taa: bandarini, kisha maduka ya Wahindi, kisha wachuuzi wa vijijini. Lakini ulipofika ulibadilika tabia. Mashine yake ya kushikia ilibaki kitu cha karani na mwalimu. Wengine waliushika wembe kwa vidole vitupu, wakauvunja katikati, nusu kwa baba na nusu kwa fundi cherehani wa kufumulia mishono. Mwanafunzi alichongea penseli kilichobaki. Gillette alikusudia watu watumie na kutupa. Rufiji haikutupa kitu.

Halafu ikaja miaka ya uhaba. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ujamaa mahali pake. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni, na kufikia msako wa wahujumu uchumi wa 1983 bidhaa ndogondogo za nyumbani zilikuwa zikitafutwa kwa kujuana. Ndipo ilipopata thamani mbinu inayojulikana popote nyembe zinapoadimika: kuusugua wembe uliochoka ndani ya bilauri ya kioo mpaka makali yarudi kidogo. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, rafu zilianza kujaa tena.

Mwaka ule ule wa 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kwa maoni yangu hili ndilo lililobadilisha historia ya wembe katika vijiji vyetu, kuliko Gillette na kuliko ruksa ya biashara. Redio, zahanati na mabango yalirudia neno moja kwa miaka mingi: msichangie wembe. Chombo cha kuazimana kikawa kitu cha mtu binafsi. Mteja akaanza kwenda kwa kinyozi na wembe wake mkononi, au kusimama akitazama karatasi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Wazazi wakampelekea ngariba wembe mpya kwa kila kijana, na baadaye wengi wakawapeleka vijana wao hospitali. Mjamzito naye alielekezwa kuweka wembe mpya kwenye vifaa vyake vya kujifungulia, wa kukatia kitovu, kwa kuogopa pepopunda. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa nchini kwa akina mama na watoto wachanga mwaka 2012, na sifa kubwa ni ya chanjo, ingawa wembe safi nao haukosi fungu.

Kilichobaki ni usafiri. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, kufunguliwa mwaka 2003, shehena ya kusini ilisubiri kivuko pale Ndundu, na mto ulipofurika ilisubiri zaidi. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, ambacho Nyamwage imo, kilichelewa sana kupata lami. Leo boksi la nyembe linalotoka Kariakoo asubuhi linaweza kufika jioni, na ndiyo maana muuzaji anauliza upi.

Basi upi? Wembe wa chuma cha kawaida huanza mkali na bei yake ni nafuu, lakini hushika kutu upesi, na hewa ya Rufiji ina unyevu mwingi. Ule usioshika kutu, ulioenea duniani tangu Wilkinson Sword ya Uingereza iutoe mwanzoni mwa miaka ya 1960, hudumu zaidi, na mwingine hupakwa platinamu au utando wa kupunguza msuguano. Kwa ndevu ngumu huo ndio wa kununua. Mashine za nyembe mbili, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971, na za tatu zilizofuata baadaye, sizipendekezi kwa nywele za kipilipili: huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, nao ukiota hujikunja ndani na kuleta vipele. Wembe mmoja unatosha. Lowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu, paka povu la sabuni, fuata nywele zinakoelekea, usikandamize, kisha maliza kwa shabu.

Ukishatumia, usimpe mwingine hata akiwa ndugu yako, maana homa ya ini nayo hupita kwenye damu isiyoonekana kwa macho. Na tafadhali, usiutupe jaani wala uani. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa, uwe unadumbukiza humo nyembe kuukuu hadi lijae, kisha litumbukize kopo chooni, kwenye shimo refu, mahali ambapo mtoto anayepita peku hawezi kuzifikia.