Mpiga besi na masikio yake: Jinsi ya kuteua vyombo vinavyosikika bila kudhuru

ONYESHO linapomalizika usiku wa manane na wanamuziki kuanza kukunja nyaya zao, wengi wao huondoka na mgeni ambaye hawakumwalika: mlio mwembamba unaovuma masikioni hata baada ya spika zote kuzimwa. Kufikia asubuhi mlio huo aghalabu huwa umetoweka, na mwenyewe hudhani kwamba mambo yamerejea yalivyokuwa. Sivyo ilivyo daima.

Mlio huo ni ishara kwamba sikio limetaabika. Ukijirudia mwaka baada ya mwaka, unaweza kugeuka kuwa mvumo wa kudumu usiokatika mchana wala usiku, huku uwezo wa kusikia ukididimia polepole. Kwa mpiga gitaa la besi, ambaye husimama hatua chache kutoka kwa ngoma na matoazi huku akiipa mgongo spika yake mwenyewe, hatari hii huandamana naye kila anapopanda jukwaani, iwe ni kilabuni, arusini au kanisani.

Wengi hudhani kwamba kinga ya masikio huanza kwa vizibo. Ukweli ni kwamba huanzia dukani, siku chombo kinaponunuliwa. Mpiga besi asiyejisikia vyema huongeza sauti. Mpiga gitaa la solo naye, akihisi amefunikwa, huongeza yake. Mpiga ngoma hulazimika kupiga kwa nguvu zaidi, na baada ya nyimbo tatu bendi nzima huwa katika mashindano ambayo hayana mshindi. Ndiposa kuteua vyombo na kuyalinda masikio ni jambo moja, wala si mawili.

Chimbuko la besi ya umeme

Hadi miaka ya 1940, sauti nzito katika bendi nyingi za Marekani ilitolewa na besi kubwa ya mbao, chombo kirefu kuliko mtu, kigumu kusafirisha na kisichosikika vyema mbele ya ngoma na tarumbeta. Paul Tutmarc wa mjini Seattle alitengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, ila haikuenea.

Mageuzi yalikuja mnamo 1951, wakati Leo Fender wa Fullerton, jimbo la California, alipoanza kuuza Precision Bass. Jina hilo lilitokana na vyuma vidogo vilivyokingama kwenye shingo ya gitaa, yaani freti, ambavyo vilimwezesha mpigaji kuipata noti kwa usahihi bila kubahatisha. Mnamo 1960 kampuni yake ilitoa Jazz Bass. Hadi leo, besi nyingi zinazouzwa madukani ni mwigo wa mojawapo ya hizo mbili.

Gitaa lilipopata umeme, amplifaya nazo zilizidi kukua. Mnamo 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya iitwayo SVT, yenye nguvu ya wati 300, iliyokusudiwa majukwaa makubwa. Tangu hapo, kusikika hakukuwa shida tena. Shida ikawa kelele.

Katika Afrika Mashariki, besi ilipata makao katika rumba na benga. Katika benga hasa, besi haijifichi nyuma ya magitaa mengine. Hurukaruka na kujibizana na solo, na mara nyingi ndiyo huwainua wachezaji vitini. Mpiga besi wa aina hii ya muziki anahitaji sauti iliyo wazi, ambayo kila noti yake hubainika, kuliko ngurumo inayotikisa madirisha.

Kuteua gitaa

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, zinazolinganishwa kwa noti za E, A, D na G. Uzi mnene zaidi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano huongeza uzi wa B, unaotetema takriban mara 31 kwa sekunde. Anayeanza hana haja ya uzi huo wa tano. Tena spika nyingi ndogo haziwezi kuitoa sauti hiyo ya chini kwa ukamilifu, na mpigaji asiyejua hilo huishia kuongeza sauti bila faida.

Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka ulipokalia mwanzoni mwa shingo hadi kwenye daraja, ni inchi 34. Zipo besi fupi za inchi 30 zinazowafaa watoto na watu wenye vidole vifupi.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi anapaswa kulishika gitaa na kulichunguza. Aitazame shingo kutoka upande wa kichwa kama fundi akaguavyo ubao, aone iwapo imepinda kupita kiasi. Apige kila noti kwenye kila uzi, asikilize kama kuna inayokwaruza au kufa mapema. Avizungushe vitufe vyote huku gitaa likiwa limeunganishwa. Vikikereza, vina vumbi au vimechakaa. Alivae kwa mkanda mpana kwa dakika kumi akiwa amesimama, kwa kuwa besi nyingi huwa na uzito wa karibu kilo 4, na onyesho huweza kuchukua saa nyingi.

Baadhi ya besi zina saketi inayotumia betri ya volti 9. Betri hiyo huendelea kuisha maadamu waya umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Kwa hivyo, waya uchomolewe baada ya mazoezi na betri ya akiba iwekwe mkobani. Katika maeneo ya Pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa ili zisishike kutu.

Amplifaya na spika

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mnamo 1933, watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio la binadamu husikia sauti za chini kwa shida kuliko zile za kati. Hii ndiyo sababu besi huhitaji wati nyingi kuliko gitaa la solo ili zisikike sawa.

Hata hivyo, wati hazifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Kuondoka wati 100 hadi 200 huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ndogo sana masikioni. Ili sauti ionekane kuwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. Anayeuza amplifaya yake ya wati 200 ili anunue ya wati 300 huenda asione badiliko lolote la maana. Spika bora, au sanduku la pili la spika, humfaa zaidi.

Kwa mazoezi ya nyumbani, wati 15 hadi 50 hutosha. Kwa bendi yenye ngoma, wati 200 hadi 300 huwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika ukumbi mkubwa, amplifaya ya besi haipaswi kuwahudumia watazamaji kamwe. Besi hupitishwa kwenye kisanduku cha DI hadi kwa fundi wa mitambo, na spika kuu ndizo hubeba sauti hadi nyuma ya ukumbi. Amplifaya iliyo jukwaani hubaki kuwa ya bendi tu.

Mnunuzi wa vyombo vilivyotumika anapaswa pia kuwa mwangalifu kuhusu umeme. Stima ya Kenya ni ya volti 240 ilhali ya Marekani ni ya volti 120. Amplifaya iliyotoka Marekani ikichomekwa ukutani bila transfoma au swichi ya kubadili volti, huweza kuungua papo hapo. Maandishi yaliyo nyuma ya chombo yasomwe kabla ya bei kuafikiwa.

Vilevile, masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa njia ya kawaida huwa mzigo wa omu 4. Iwapo amplifaya hairuhusu omu 4, itapata joto na kuharibika. Nao waya wa kutoka kwa amplifaya hadi kwenye spika uwe wa spika, si ule mwembamba wa gitaa, hata kama ncha zake zinafanana.

Spika isilenge magoti

Sauti za chini husambaa pande zote, lakini zile za juu, ambazo hubainisha noti, husafiri kwa mstari mnyoofu kutoka kwenye spika. Sanduku lililowekwa sakafuni hatua moja nyuma ya mpigaji hulenga magoti yake. Yeye husikia ngurumo tu na kuongeza sauti, huku aliye mita tano mbele akichomwa masikio.

Dawa yake haina gharama. Sanduku liinuliwe juu ya kiti imara au liegemezwe nyuma kidogo ili spika ielekee kichwani. Lisisukumwe kwenye pembe ya ukuta, kwa maana pembe huongeza mvumo wa chini na kuficha noti. Kadhalika, badala ya kuongeza sauti yote, mpigaji apunguze kidogo sauti za chini na kuongeza zile za kati. Mara nyingi atajisikia waziwazi, na jukwaa zima litapata nafuu.

Sikio halina kipuri

Ndani ya kila sikio mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo ambazo hubadilisha mitetemo kuwa ujumbe wa kupelekwa ubongoni. Kelele kubwa huzichosha, na ikizidi, huziua. Seli hizo hazimei tena. Uharibifu huanza kwa sauti za juu, zile zinazotofautisha herufi kama vile "s", "f" na "th". Ndiyo maana mwathiriwa husema kwamba anawasikia watu wakizungumza ila haelewi wanachosema.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza kwamba mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15 pekee. Kwa bendi ya rumba inayopiga wimbo wa dakika saba au nane, hizo ni nyimbo mbili tu, ilhali onyesho huendelea hadi alfajiri.

Humu nchini, kanuni za 2005 kuhusu kelele katika viwanda na sehemu nyingine za kazi ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Kwa upande wake, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mnamo 2022 likitaka wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na wahudhuriaji wapewe vizibo pamoja na mahali tulivu pa kupumzisha masikio.

Kathy Peck, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Contractions nchini Marekani, anaijua gharama yake. Baada ya bendi hiyo kutumbuiza katika uwanja mmoja wa Oakland mnamo 1984, alipata tatizo la kudumu la kusikia. Mnamo 1988 alishirikiana na daktari kuunda shirika la H.E.A.R., lenye kuwahamasisha wanamuziki kuhusu hatari hiyo. Naye Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kuikatiza ziara mnamo 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa.

Vizibo na mapumziko

Pamba na karatasi laini hazikingi vya kutosha. Vizibo vya sponji vya bei nafuu hukinga vyema vikiviringishwa na kuingizwa barabara, ila hupunguza sauti za juu kuliko za chini, na muziki husikika kana kwamba uko chini ya blanketi. Wanamuziki hufaidika zaidi na vizibo vilivyoundwa kupunguza sauti zote kwa kiasi sawa, kama vile ER-15 vya kampuni ya Etymotic, vinavyopunguza takriban desibeli 15. Vikikaa sawasawa, desibeli 100 hubaki 85, na dakika 15 za usalama huwa saa nane.

Vipokea sauti vinavyovaliwa ndani ya masikio navyo husaidia, mradi viyazibe masikio vyema na viwekwe sauti ya wastani. Anayetoa kimoja ili awasikie mashabiki huishia kuongeza sauti ya kile kilichosalia. Zaidi ya hayo, mpiga besi asisimame sambamba na matoazi, mazoezi yafanywe kwa sauti ya chini, na wakati wa mapumziko atoke nje badala ya kuketi mbele ya spika.

Yeyote anayeona kuwa mlio haukatiki baada ya siku moja au mbili, au kwamba anahitaji kurudiwa maneno, anapaswa kupimwa na wataalamu wa masikio hospitalini. Sikio likizibika au kuacha kusikia ghafla, hiyo ni dharura. Matibabu hufaulu zaidi yakianza mapema, na kungoja wiki kadhaa huweza kuifunga nafasi hiyo.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Uzi ukikatika, hununuliwa mwingine, na spika ikipasuka, fundi huibadilisha. Mpiga besi atakayetumia sehemu ndogo ya bei ya gitaa lake kununua vizibo, na dakika mbili kuinua spika kutoka sakafuni, atakuwa amekilinda chombo cha pekee ambacho hakuna duka linalokiuza.