Utetezi wa makumbusho nchini Marekani

Utetezi wa makumbusho nchini Marekani ni juhudi za wafanyakazi, wajumbe wa bodi, watu wanaojitolea na wapenzi wa makumbusho kuwashawishi viongozi waliochaguliwa wapitishe sheria na bajeti zinazoyasaidia makumbusho. Mengi ya makumbusho ya nchi hiyo si mali ya serikali kuu; huendeshwa na mashirika yasiyo ya faida, miji, majimbo au vyuo vikuu. Hata hivyo karibu yote huguswa na maamuzi ya wanasiasa kuhusu ruzuku, kodi na nafuu wanayopata watu wanaotoa michango.

Historia

Chama kikuu cha makumbusho nchini humo kilianzishwa mwaka 1906, na tangu 2012 kinaitwa Muungano wa Makumbusho wa Marekani. Siku ya Utetezi wa Makumbusho, ambapo wanachama hukusanyika Washington, D.C. na kwenda kuonana na wabunge wa majimbo yao, ilianza Februari 2009.

Mwezi huohuo ulionyesha kwa nini siku hiyo ilihitajika. Seneti ilikuwa ikijadili sheria ya kufufua uchumi, na seneta Tom Coburn wa Oklahoma alipendekeza fedha hizo zisitumike kwa kasino, viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, bustani za wanyama, makumbusho, kumbi za maigizo na mengineyo. Maseneta 73 waliunga mkono, 24 wakapinga. Baada ya malalamiko ya wadau wa sanaa na utamaduni, makumbusho na kumbi za maigizo ziliondolewa katika orodha hiyo kabla ya sheria kusainiwa. Bustani za wanyama na matangi ya samaki ya maonyesho zilibaki, ingawa sheria ya ruzuku ya Marekani inazihesabu kuwa aina ya makumbusho.

Taasisi ya Huduma za Makumbusho na Maktaba

Suala linalorudi karibu kila mwaka ni bajeti ya taasisi hii, inayojulikana kwa kifupi kama IMLS. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na hutoa ruzuku za serikali kuu kwa makumbusho na maktaba. Kuanzia 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza ifutwe, lakini Kongresi iliendelea kuipa fedha. Machi 2025 rais huyo alitoa amri kwamba taasisi ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Majimbo kadhaa yalikwenda mahakamani, na Mei 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Rhode Island alizuia utekelezaji wake. Hapo ndipo mpaka wa utetezi bungeni ulipoonekana: Kongresi inaweza kutenga fedha, lakini taasisi ya kuzigawa iko chini ya rais.

Namna inavyofanyika

Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza tarehe 1 Oktoba, lakini maombi ya bajeti hupangwa miezi mingi kabla, mwanzoni mwa mwaka. Ndiyo sababu Siku ya Utetezi hufanyika kwa kawaida mwezi Februari. Anayefika Septemba huwa amechelewa.

Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435 na Seneti ina maseneta 100. Mara nyingi mgeni hapokelewi na mbunge mwenyewe bali na msaidizi wake, ambaye huenda ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Wasiojua huona wamedharauliwa. Kumbe msaidizi huyo ndiye anayeandika muhtasari ambao mbunge atausoma. Swali la kwanza ofisini huwa ni mahali mgeni anapoishi, kwa sababu mbunge huwajali kwanza wapiga kura wake. Barua ya mtu wa jimbo jingine haina uzito mkubwa, hata ikiandikwa vizuri namna gani.

Ombi linalofaa ni moja na la wazi, kwa mfano kuunga mkono kiasi fulani cha fedha kwa IMLS. Huambatana na mambo ya jimboni: idadi ya wanafunzi waliotembelea makumbusho, ajira zilizopo, na kilichofanywa kwa ruzuku iliyopita. Takwimu za kitaifa husaidia pia. Utafiti uliotolewa na Muungano mwaka 2018 ulikadiria kwamba makumbusho huchangia dola bilioni 50 kwa mwaka katika uchumi na kutegemeza ajira zaidi ya 726,000. Lakini namba ya taifa zima husahaulika upesi kuliko habari ya shule moja ambayo mbunge anaifahamu.

Baada ya mashambulizi ya kimeta ya mwaka 2001, barua za posta kwa Kongresi hukaguliwa na kuchelewa, kwa hiyo simu na barua pepe hutumika zaidi. Mwezi Agosti, wabunge wanapokuwa majimboni, makumbusho huwaalika waje kujionea wenyewe.

Mipaka ya kisheria

Wakurugenzi wengi huogopa kwamba shirika lisilo la faida haliruhusiwi kabisa kushawishi wabunge. Si kweli. Linaloruhusiwa ni ushawishi wa kiasi. Tangu 1976 shirika linaweza kuchagua kupimwa kwa matumizi yake: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza, kisha asilimia ndogo zaidi, mwisho dola milioni moja kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, kazi ya mtu anayejitolea bila malipo haihesabiwi. Fedha za ruzuku ya serikali kuu haziwezi kutumika kwa ushawishi, na tangu 1954 ni marufuku kumpigia debe au kumpinga mgombea yeyote.

Ngazi za chini

Mafanikio makubwa mara nyingine hupatikana mbali na Washington. Huko Michigan, sheria ya mwaka 2010 iliruhusu kaunti kuunda mamlaka za kugharimia makumbusho ya sanaa. Agosti 2012 wapiga kura wa kaunti za Wayne, Oakland na Macomb walikubali kodi ya majengo kwa miaka kumi kwa ajili ya Detroit Institute of Arts, na kwa malipo hayo wakazi wake wakaanza kuingia bure. Mwaka uliofuata jiji la Detroit lilifilisika, na wadai wakataka michoro ya makumbusho hayo iuzwe. Mwaka 2014 wafadhili na jimbo walichangia mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya pensheni za wafanyakazi wa jiji, na mkusanyiko ukakabidhiwa kwa shirika linaloendesha makumbusho. Machi 2020 wapiga kura wa kaunti hizo tatu waliirefusha kodi hiyo kwa miaka kumi mingine.