Nani huchora vibonzo vya Japani visivyokwisha?

Mtazamaji wa One Piece akivumilia hadi orodha ya majina ipite mwishoni mwa kipindi, ataliona jina la Toei Animation, kampuni ya Tokyo ambayo mfululizo wake huo ulianza kuonyeshwa na runinga ya Fuji mnamo Oktoba 20, 1999 na kutimiza kipindi cha 1,000 Novemba 2021. Akikaza macho zaidi ataona majina mengine yanayopita upesi: studio ndogo za Tokyo na vitongoji vyake, na nyingine za Ufilipino. Katika mifululizo mingine ataona majina ya Korea Kusini, Uchina na Vietnam. Aghalabu hayo ndiyo majina ya watu walioshika kalamu.

Sababu yake ni hesabu tupu. Kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo na nyimbo za kufungulia na kufungia, hubakiwa na dakika 20 hivi za hadithi. Picha 24 hupita mbele ya jicho kila sekunde, lakini Wajapani huwa na mazoea ya kuushikilia mchoro mmoja kwa picha tatu, hivyo sekunde moja ya mwendo hula michoro minane. Lau kila kitu kingetembea muda wote, ingehitajika michoro 9,600. Kwa kuwa mara nyingi ni mdomo tu unaofunguka na kufumba huku mwili umetulia, idadi hushuka hadi kati ya 3,000 na 5,000. Hata hiyo si kazi ya wiki moja. Kuanzia mswada hadi sauti, kipindi kimoja huchukua miezi kadhaa, ilhali runinga hudai kipya kila juma. Basi kampuni kuu haina budi kuwa na vikosi kadhaa vinavyofanya kazi sambamba, kila kimoja na kipindi chake, vikipokezana kwa zamu. Ni kampuni chache mno ziwezazo kuwalipa mishahara watu wote hao chini ya paa moja.

Utaratibu huu una umri sawa na vibonzo vya runinga vyenyewe. Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi walipoanza kuonyesha Tetsuwan Atomu, anayejulikana ng'ambo kama Astro Boy, Januari 1, 1963, walijitwisha mzigo wa kipindi kila wiki kwa bajeti finyu. Hadi mfululizo huo ulipokoma Desemba 31, 1966 vilikuwa vimetoka vipindi 193. Haukupita hata mwaka kabla ya Mushi kuomba msaada. Kipindi cha 34 kilikabidhiwa Studio Zero, iliyoanzishwa na wachoraji wa hadithi za magazeti, miongoni mwao Shotaro Ishinomori na wale wawili waliotumia jina la Fujiko Fujio. Walikuwa magwiji, na hapo ndipo penye tatizo. Kila mmoja alimchora Atomu kwa mkono wake, na sura ya kijana huyo wa chuma ikawa inabadilika kutoka onyesho moja hadi jingine.

Dawa iliyopatikana ingali inatumika. Kila kipindi huwa na msimamizi wa michoro, ambaye hupitia michoro mikuu inayoonyesha mwanzo na mwisho wa kila tendo na kuzirekebisha sura zilizopotoka kabla ya kazi kuendelea mbele. Kisha wachoraji wa ngazi ya chini huijaza nafasi iliyo kati ya michoro hiyo mikuu, na wengine hutia rangi. Kazi hizi mbili za mwisho ndizo zilizovuka bahari kwanza. Toei ilikumbwa na mgogoro mkali wa wafanyakazi mwaka 1972, ikapunguza waajiriwa wa kudumu, na katika miaka iliyofuata kazi nyingi ikaanza kupelekwa Korea Kusini. Mwaka 1986 kampuni hiyo iliingia Ufilipino, ambako hadi leo ina tawi lake. Kabla ya kompyuta, michoro na karatasi angavu zilizotiwa rangi zilisafirishwa kwa ndege, na ndege ikichelewa kila kitu kilichelewa. Siku hizi faili hufika kwa dakika chache, jambo ambalo, kinyume na mtu angetarajia, limewafanya watayarishaji wathubutu kuchelewa zaidi.

Ipo pia kandarasi kubwa kuliko hiyo ya vipande vipande. Wajapani huiita “gurosu”: studio ya nje huchukua kipindi kizima, ikatafuta mwongozaji na wachoraji wake yenyewe, na kukirejesha kikiwa tayari kwa hatua za mwisho. Dragon Ball Z, iliyoonyeshwa kati ya 1989 na 1996 kwa vipindi 291, ilitegemea studio za nje kama Studio Cockpit, Seigasha na Last House. Mashabiki waliozoea waliweza kubashiri, dakika chache baada ya kipindi kuanza, ni kikosi kipi kilichokuwa zamu. Huyu humpa Goku misuli ya kutisha, yule humchora kwa macho laini zaidi. Watu hulalamika kuhusu tofauti hizo. Binafsi naziona kuwa sahihi ya fundi, na bila hizo nusu ya utamu wa mfululizo mrefu ingepotea.

Hata hivyo, kuna siku sahihi hiyo hugeuka aibu. Mnamo Aprili 1998 runinga ya Tokyo ilionyesha kipindi cha nne cha Lost Universe, ambacho sehemu kubwa ya michoro yake ilikuwa imetumwa Korea Kusini ratiba ikiwa imeshaharibika. Wahusika walitembea kama vinyago na sura hazikutambulika. Kilibidi kuchorwa upya kabla ya kuuzwa kwenye kanda za video. Kichwa cha kipindi hicho kilikuwa na neno “yashigani”, yaani kaa wa minazi, na tangu siku hiyo neno hilo limekuwa msamiati wa mashabiki wa Japani kwa kipindi chochote kilichoporomoka. Lawama ziliwaangukia Wakorea. Lakini mchoraji aliyepewa siku chache kufanya kazi ya wiki kadhaa hana miujiza, awe Seoul au Tokyo.

Ushahidi bora kwamba mkandarasi si fundi wa daraja la pili ni Kyoto Animation. Yoko Hatta, aliyewahi kutia rangi katika studio ya Mushi, aliolewa akahamia mkoa wa Kyoto, na mwaka 1981 akawakusanya kina mama wa jirani kutia rangi kazi za studio za Tokyo. Kikundi kikawa kampuni mwaka 1985, kikaendelea kuchukua vipindi vya wenzao, vikiwemo vya Inuyasha, na mwaka 2003 kikatoa mfululizo wa runinga kwa jina lake. Tofauti yake kubwa na wengine ilikuwa kuwalipa wachoraji mishahara badala ya ujira wa kila mchoro. Hata shambulio la moto la Julai 18, 2019, lililoua watu 36, halikuizima.

Kwingineko ujira ni wa kusikitisha. Mchoro mmoja wa kati hulipwa takriban yeni 200. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 na chama cha wachoraji, JAniCA, ulionyesha kuwa wachoraji wa ngazi hiyo walipata wastani wa yeni milioni 1.1 kwa mwaka, pesa ambazo kwa maisha ya Tokyo hazitoshi kodi na chakula. Mwaka 2024 jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu liliitaja sekta hii katika ripoti yake kuhusu Japani, likikosoa malipo duni na saa nyingi za kazi.

Mnyororo ukiwa mrefu, mwenye kazi hajui inaishia mikononi mwa nani. Mnamo Aprili 2024 watafiti wa Marekani walieleza jinsi hifadhi ya mtandaoni ya Korea Kaskazini, iliyoachwa bila kulindwa, ilivyokutwa na faili za vibonzo vilivyokuwa vikitengenezwa, ikiwemo Dahlia in Bloom ya Japani na Invincible ya Amazon. Maagizo ya masahihisho yalikuwa kwa Kichina, na tafsiri ya Kikorea kando yake. Watafiti walishuku studio ya SEK ya Pyongyang, iliyowekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani Desemba 2021. Hapakuwa na ushahidi kwamba kampuni zenye vibonzo hivyo zilifahamu. Yaelekea kazi ilikabidhiwa Wachina, nao wakaipitisha mbele.

Toei yenyewe imeanza kupunguza kasi. One Piece ilisimama kuanzia Oktoba 2024 hadi Aprili 2025, na Oktoba 2025 ikatangazwa kuwa kuanzia 2026 hakutakuwa na vipindi zaidi ya 26 kwa mwaka, pamoja na mapumziko ya Januari hadi Machi. Kwa msimamizi wa michoro huo ni muda wa kupumua. Kwa kijana anayelipwa kwa idadi ya michoro, vipindi vikipungua kwa nusu, ni kutafuta studio nyingine yenye kazi.