Kompyuta ya kitabuni

Juma lililopita mhariri mmoja kijana alinipigia simu niamue ugomvi wa chumba chao cha habari. Waandike kompyuta au tarakilishi? Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea sisi wazee wa somo hili, kwamba yote mawili ni sahihi, achague moja na asichanganye. Nilipokata simu nikamkumbuka mvulana mmoja wa Lodwar ambaye mnamo 1996 alijibu swali hilo vizuri kuniliko, nami nikahakikisha amepata sufuri.

Mwaka huo nilitumwa Turkana kukagua wanafunzi wetu wa chuo kikuu waliokuwa katika mazoezi ya ualimu. Mwalimu mwanagenzi niliyemkagua siku hiyo alikuwa amewapa wanafunzi wake zoezi la msamiati, na nilipoketi nyuma ya darasa alinipa daftari chache nizipitie. Swali la nne lilisema: eleza maana ya tarakilishi. Wengi walikuwa wamenakili maelezo ya ubaoni kuhusu mashine ya kuhifadhi na kuchanganua habari. Mvulana huyu aliandika hivi: “Tarakilishi ni kompyuta ya kitabuni. Kompyuta yenyewe iko kwa ofisi na haiuzwi.”

Mwanagenzi alikuwa amempa alama moja kati ya mbili. Nikamwambia baada ya kipindi kwamba hapo amelegea: kwanza “iko kwa ofisi” si sanifu, pili kuuzwa au kutouzwa si sehemu ya maana ya neno. Akafuta alama ile mbele yangu. Sikujua wakati huo kwamba mvulana alikuwa ameandika historia ya mashine hiyo katika Turkana kwa sentensi mbili.

Neno lile “haiuzwi” ndilo lililonirudia. Mimi mwenyewe kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya kuuzwa. Nilikuwa London kwa masomo mwaka 1986, na siku moja ya mvua nikaingia katika duka la vifaa vya umeme kujikinga tu. Pale, kati ya pasi na birika za umeme, palikuwa na Amstrad PCW, kompyuta ya kuandikia iliyoingia sokoni mwaka uliotangulia kwa pauni 399 kabla ya kodi, printa ikiwemo. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala ninataka nini. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa akibonyeza vitufe kana kwamba anapima ukomavu wa embe.

Kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuzoea. Clive Sinclair alikuwa amewauzia ZX81 mwaka 1981 kwa pauni 69.95, au 49.95 kwa aliyetaka kujiunganishia mwenyewe, na ukaweza kuipata katika maduka ya W.H. Smith, yaani palepale paliponunuliwa magazeti na kalamu. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti moja. Aya mbili tatu za makala haya zingeijaza. Mwaka uliofuata zikaja ZX Spectrum, na huko Marekani Commodore 64. Nyingi katika mashine hizi hazikuwa na skrini yake: uliunganisha na televisheni ya sebuleni, na programu ukazihifadhi kwenye kanda za kaseti, zile zile za kusikilizia muziki. Ukitaka kucheza mchezo, unabonyeza kitufe cha kaseti, unasubiri dakika kadhaa huku kaseti ikilia kama nzige, na ikikwama unaanza upya.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ya jambo moja. Duka la Lodwar la miaka hiyo lilikuwa na redio za kaseti. Nilipofika 1996 niliziona zimepangwa rafu ya juu, chini yake betri, tochi, tumbaku, majani chai, sukari ya kupimwa na shuka. Mfugaji aliyeuza mbuzi wawili watatu aliweza kuondoka na redio. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo wengine, kwamba watu wa kaskazini walikuwa mbali na vifaa vya elektroniki. Walikuwa na nusu ya mtambo tayari. Kilichokosekana kilikuwa nusu ya pili, na sababu zake hazikuanzia Turkana.

Tuanze na jirani. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vya televisheni nchini. Mtu anaweza kuicheka leo, lakini fedha za kigeni zilikuwa haba, na marufuku ile ililegezwa tu miaka ya themanini. Kenya haikupiga marufuku. Ilifanya jambo la kimyakimya zaidi. Aliyetaka kuagiza mashine ng’ambo alihitaji leseni ya uagizaji, kisha agawiwe fedha za kigeni, kisha alipe ushuru. Benki, serikali, chuo kikuu na kampuni kubwa waliweza kuvuka vizingiti hivyo. Mwenye duka hakuweza, na hata angeweza angemwuzia nani? Udhibiti huo wa fedha za kigeni ulianza kuondolewa mwaka 1993. Miaka ambayo mtoto wa Uingereza alinunuliwa kompyuta kama zawadi ya Krismasi, ile ya kwetu ilikuwa chombo cha taasisi. Ilikuwa na mlinzi, chumba na mtu mmoja aliyeruhusiwa kuigusa.

Lodwar ilikuwa hivyo kwa ukali zaidi. Mji huu ambao wakoloni waliuona mbali kiasi cha kumfungia humo Jomo Kenyatta, akitolewa Lokitaung, ulipata lami miaka ya themanini kwa msaada wa Norway. Pamoja na lami ilikuja miradi, na pamoja na miradi zikaja ofisi. Kenya ilipovunja uhusiano na Norway mwaka 1990, miradi mingi ikasita, ofisi zikabaki, au zikachukuliwa na mashirika mengine. Kompyuta zilikuwa humo.

Niliiona mojawapo katika safari ile ile ya 1996. Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye ofisi ya mradi fulani ili nipigiwe ripoti yangu chapa. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kama tunavyofunika redio na makochi nyumbani. Vumbi la Lodwar halina mchezo. Mwandishi mhazili alikifunua kwa vidole viwili, akakikunja, akawasha kwanza kisanduku cha kusawazisha umeme, akasubiri taa yake itulie, kisha ndipo akawasha kompyuta. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za dizeli nao ulipanda na kushuka utakavyo. Dirishani walikuwepo vijana wawili wa shule wakichungulia. Hawakufukuzwa, lakini pia hawakukaribishwa. Siwezi kusema yule mvulana alikuwa mmoja wao. Ila sasa naelewa alikopata neno “ofisi”.

Na alikopata “tarakilishi” ni wazi: kitabuni. Neno hili tulifundishwa kuwa limeundwa kutokana na tarakimu na akili, na ni neno zuri, lina mlio wa Kiswahili na linaeleza kitu. Lilikuwa na mpinzani wake, ngamizi, ambalo pia ni la kubuniwa. (Nawaza jinsi mtoto wa Turkana, ambaye ngamia wako nje ya dirisha la darasa, angelipokea hilo.) Kosa letu walimu halikuwa kulifundisha. Kosa ni kwamba tulilipeleka mahali ambapo kitu chenyewe hakijafika mikononi mwa watu, tukawatahini watoto juu yake, na yule aliyeona pengo kati ya neno na kitu tukamwita mvivu.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa saa mbili hivi barabara ikiwa nzuri, nayo mara nyingi haikuwa nzuri. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametimuliwa Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka walipovuka mpaka. Kabla sijaendelea, niondoe uzushi mmoja: makala mengi ya Kiingereza hudai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya “mahali pasipo pahali”. Sijaliona katika kamusi yoyote ya lugha hii, wala sijamsikia mzungumzaji akilitumia hivyo. Aliyelianzisha alikuwa akisimulia hisia zake.

Nilirudi Kakuma mwaka 2004 kusikiliza Kiswahili cha kambini, kwa maana Wakongo walikuwa wamekuja na chao, Wasomali na Wasudan walikuwa wakijifunza kile cha sokoni, na Waturkana wa mjini walikuwa kati yao wakiuza kuni, makaa na mifugo. Nilikwenda kutafuta sarufi. Nilichokipata katika siku ya pili, kwenye duka la Msomali mmoja, ni kompyuta mbili za mezani, zilizotumika, zimewekwa kando ya magunia ya mchele na mitungi ya mafuta ya kupikia. Zilikuwa za kuuza. Umeme waliununua kwa jirani mwenye jenereta, aliyetoza kwa kila balbu.

Nikauliza bei.

“Ishirini elfu, mwalimu. Lakini tutaongea.”

“Imetoka wapi?”

“Dubai. Iko na Windows, iko na CD. Hata monita nakupea pamoja, si ya kununua tofauti.”

Nikamjaribu kidogo, kwa ukorofi wa kazi yangu. “Kwa hiyo hii ndiyo tarakilishi?”

Akanitazama, akaitazama mashine, akasema kwa upole wa mtu asiyetaka kumpoteza mteja: “Hapana, mwalimu. Hii ni kompyuta.”

Wakati nikiwa bado pale alikuja kijana wa Kisudan kulipa sehemu ya deni lake. Alikuwa amechukua mashine ya tatu kwa mkopo, akafungua kibanda cha kupiga chapa barua na kutoa picha. Wateja walikuwepo. Vijana zaidi ya 3,500 wa kizazi chake walikuwa wamehamishiwa Marekani, wengi wao miaka ya 2000 na 2001, na waliobaki walikuwa na fomu za kujaza, rufaa za kuandika na barua pepe za kujibu. Kompyuta ilikuwa imetoka ofisini, na iliyoitoa si mradi wala wizara. Ni biashara ya wakimbizi, watu ambao kisheria hata kusafiri kwenda Lodwar walihitaji kibali. Shirika la IFC lilipochunguza soko hilo na kutoa ripoti mwaka 2018, lilikadiria biashara zaidi ya 2,000 katika kambi na mji, na uchumi wa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Wanahistoria wetu wa teknolojia, wanaoanza na Nairobi na kuishia Nairobi, hawana budi kulipitia duka lile.

Nalo lina la kutufundisha sisi wa lugha. Tunapenda kulalamika kwamba wasemaji wanakataa istilahi zetu kwa uvivu au kwa kasumba. Lakini tazama vitu vilivyofika kupitia dukani. Redio iliingia kwa jina lake na hakuna aliyethubutu kuigusa. Simu, neno lenye asili ya Kiajemi lililokuwa na maana ya waya, lilibaki hata waya ulipokatwa. Rununu imebaki kwetu magazetini. Runinga vilevile: mimi huiandika, kisha nikifika nyumbani nasema “washa tivi”. Jina linaloshika mizizi ni lile mnunuzi na muuzaji walilolitumia wakibishana bei, kwa kuwa hapo hakuna nafasi ya kutoelewana. Tarakilishi haikupata siku yake kaunta. Ilipofika, kompyuta ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Sisemi litupwe. Kutokana nalo tumepata kipakatalishi, mojawapo ya maneno mazuri yaliyoundwa Kenya, kwa sababu ndani yake mna kitendo cha kupakata, cha mama na mtoto mapajani. Lilipata umaarufu baada ya 2013, serikali ilipoahidi kila mtoto wa darasa la kwanza mashine hiyo. Mwaka 2016, zilipoanza kusambazwa, zilikuwa zimegeuka tabuleti, nazo zilikwenda shuleni. Mara nyingine tena neno lilimfikia mtoto wa Turkana kwanza, kitu kikafuata kikiwa mali ya taasisi, katika sanduku lenye kufuli.

Mwaka jana nilipita Lodwar. Maduka ya kompyuta sasa ni mengi, hasa tangu serikali ya kaunti ianze kazi 2013, na lile nililoingia lilikuwa likiuza pia vifuniko vya simu na kukarabati feni. Nilihitaji waya wa chaji. Msichana wa kaunta alinishughulikia vizuri, akanipa kiti kwa sababu ya mvi zangu. Nikamwuliza kama wanauza tarakilishi.

“Hiyo hatuna, mzee,” akasema. “Labda ujaribu duka la vitabu.”