Mikono Iliyotahiniwa

Katika pwani yetu mkandaji ni mtu wa kuheshimiwa, na aghalabu huwa ni mama wa makamo aliyerithi ujuzi wake kwa mamaye, hata mzazi aliye katika arubaini yake hamuulizi cheti. Lakini London, mnamo mwaka 1894, kazi hiyo hiyo ilikuwa imeingia aibu, kwa kuwa jarida la matabibu wa Uingereza lilikuwa limefichua ya kwamba baadhi ya nyumba zilizojitangaza kuwa za kukanda viungo zilikuwa pazia la ufasiki.

Hapo ndipo wauguzi wanne, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, walipoazimia kuisafisha kazi yao, wakaasisi chama cha wakandaji waliofunzwa na kukiwekea kanuni: mwanachama asimkande mtu pasipo agizo la tabibu, asiwakande wanaume, ila pawe na dharura ya uuguzi na tabibu mwenyewe aombe, asijitangaze ila katika majarida ya utabibu, wala asimwuzie mgonjwa dawa. Katika hizo naistaajabia zaidi ile ya tangazo, kwani kwa mwanamke aliyeishi kwa ijara ya mikono yake, kufunga mlango ule kulikuwa ni kuihatarisha riziki kwa ajili ya staha. Kisha wakaweka mtihani, na aliyetaka cheti ilimlazimu aijue mifupa, misuli na mwendo wa damu, si kubonyeza tu. Na baadaye yakaongezwa mazoezi ya viungo ya Kiswidi, elimu ambayo Pehr Henrik Ling aliifungulia chuo Stockholm mwaka 1813.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, kundi la wakandaji 50 waliohitimu, waliogharimiwa na Almeric Paget na mkewe, lilijitolea kuwahudumia majeruhi, wakafuatwa na wenzao wengi. Na kwa hiyo wanawake waliokatazwa kuwakanda wanaume walijikuta wamezungukwa na vijana wa kiume waliokatwa miguu, waliokakamaa magoti, na waliopotewa na nguvu za mkono kwa risasi iliyokata mshipa wa fahamu. Sioni kwamba kanuni ilivunjwa: dharura ilikuwa imekuja kwa maelfu, na hakuna aliyethubutu tena kuiita kazi ile kisingizio cha uovu, kwa maana askari aliyeletwa juu ya machela alionekana akijikongoja kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na wanaume nao wakakubaliwa uanachama. Mwaka 1944 neno la kukanda likaondolewa katika jina lake, likaingia fiziotherapia, na ndilo jina la fani wanayoisomea leo vijana wa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, wakianza kwa kuhifadhi mifupa na misuli kabla ya kumgusa mgonjwa.